Ajali Ina Kinga: Funzo Kutoka Bandari ya Durban

Msibani tumezoea kufarijiana kwa kusema, "Ajali haina kinga." Kwa mfiwa, maneno hayo ni pole. Lakini mwenye lori naye huyasema, dereva huyasema, na wakishayasema mjadala umefungwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuuhoji msemo huo, na mahali pazuri pa kuupimia ni Bandari ya Durban, Afrika Kusini.

Zaidi ya nusu ya makontena ya Afrika Kusini hupitia hapo. Malori yanayoyafuata hutegemea barabara moja kuu, Bayhead Road, inayopita karibu na kilima cha Bluff. Kwenye kilima hicho ndipo yalipokuwa makazi ya Kings Rest, ya Wazanzibari waliofikishwa Durban kuanzia mwaka 1873 baada ya kukombolewa utumwani, kabla ya kuhamishiwa Chatsworth. Mafuriko ya Aprili 2022 yalipoiharibu Bayhead Road, kazi ya makontena ilivurugika. Mwishoni mwa 2023 meli zaidi ya 50 zilikuwa zimetia nanga nje ya bandari zikisubiri zamu.

Mzigo ukichelewa baharini, anayesota nchi kavu ni dereva. Dereva anayelipwa kwa safari hapati kitu kwa saa anazokaa kwenye foleni. Akishapakia, mbele yake kuna takriban kilomita 600 hadi Johannesburg, na tajiri anapiga simu kuuliza amefika wapi. Hapo ndipo uchovu na hasira hushika usukani. Kiswahili cha barabarani kimeshazipa majina tabia zinazofuata: kuchomekea, kutanua, kupita pasipoonekana mbele. Atakayepokea simu ya tajiri ameongeza hatari nyingine.

Tupige hesabu. Lori zito Afrika Kusini haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo halali, linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akiitazama simu kwa sekunde 5 tu, amepita mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, bila kuona njia. Na lori hilo laweza kuwa na uzito wa tani 56.

Jimbo la KwaZulu-Natal, lenye bandari hiyo, linajua gharama yake. Septemba 2022, karibu na mji wa Pongola, lori lililokuwa likiyapita magari mengine kwenye upande usio wake liligongana uso kwa uso na pikapu iliyobeba wanafunzi. Watu wapatao 20 walikufa, wengi wao watoto. Miaka tisa kabla, tarehe 5 Septemba 2013, lori lilishuka kwa kasi mteremko wa Field's Hill, Pinetown, likapita taa nyekundu na kuzigonga teksi za abiria. Watu 24 walipoteza maisha. Malori mengi yalikuwa yakitumia mteremko huo ili kukwepa kulipia barabara kuu.

Je, hakukuwa na kinga? Ilikuwepo. Baada ya msiba wa Field's Hill, malori yenye ekseli tano au zaidi yalipigwa marufuku kupita hapo. Bandarini, Transnet ilianzisha mfumo wa miadi, ili lori lije kwa saa yake badala ya kukesha foleni. Foleni ikipungua, dereva hana deni la muda la kulipa kwa kasi. Nchini Kenya, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, na kila abiria akatakiwa kufunga mkanda. Hakuna aliyesubiri madereva wote wawe na tabia njema kwanza.

Hii haimwondolei dereva lawama. Anayechomekea amechagua kuchomekea. Lakini tukimfunga yeye peke yake, na tajiri akaendelea kulipa kwa safari na kupiga simu kila nusu saa, kesho ataajiriwa mwingine wa kufanya yaleyale.

Nasi tumo. Tunapanda mabasi ya Kitonga na Mariakani tukimshangilia dereva anayewaacha wenzake. Tunampigia simu mjomba tukijua yuko barabarani. Basi tuanze na mambo mawili. Dereva akichomekea, abiria wapaze sauti. Mmoja hupuuzwa, kumi husikilizwa. Na ukipiga simu, neno lako la kwanza baada ya salamu liwe, "Unaendesha?" Akisema ndiyo, kata simu. Mazungumzo yatasubiri mpaka afike.