Karafuu ya Pemba: Mnunuzi Asijisimamie Mwenyewe

Msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandazwa kila kitongoji cha Pemba, wachumaji wakilipwa kwa pishi. Karafuu ikishatengwa na makonyo na kukauka, sheria inamtambua mnunuzi mmoja tu: Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Nia ya utaratibu huu ni njema na ni ya zamani. Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu iliundwa 1927, chini ya Waingereza, wakati wakulima wengi wameelemewa na madeni ya wafanyabiashara. Mwaka 1937 ikapewa haki ya pekee ya kusafirisha karafuu nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India ikasusia karafuu, na mwaka uliofuata serikali ikakubali mapatano. Baada ya Mapinduzi, biashara hiyo ikawa ya dola, na ZSTC ikaundwa 1968.

Tatizo ni kwamba aliyepewa kazi ya kumlinda mkulima ndiye pia anayefaidika akimlipa kidogo. Kwa miaka mingi mkulima aliambulia sehemu ndogo ya bei ya dunia, na karafuu ikavushwa usiku kwa mashua kwenda Kenya. Dola ilijibu kwa doria. Jina lenyewe la KMKM, kikosi cha ulinzi wa bahari, ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Lakini bei ilipopandishwa sana 2011, kwa sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, magendo yalipungua. Bei ya haki ilifanya kazi iliyozishinda doria.

Wapo wanaosema soko likifunguliwa, wenye mitaji watanunua karafuu ingali mtini, kwa bei ya kutupa, mkulima akiwa na dhiki. Hofu hiyo ni ya kweli. Indonesia, kati ya 1990 na 1998, ununuzi wa karafuu ulihodhiwa na muungano ulioongozwa na Tommy Suharto, mtoto wa rais, na wakulima wakaumia. Hapo uhodhi uliongozwa na mfanyabiashara binafsi, na bado mkulima hakupona. Kwa hiyo ZSTC ibaki, itoe bei ya chini isiyovunjwa. Vyama vya ushirika na wanunuzi wenye leseni waruhusiwe kuishinda bei hiyo. Na chombo kisichonunua hata kilo moja kikague mizani na madaraja, kitangaze bei ya dunia kila wiki, na kiwe na uwezo wa kuliadhibu hata shirika la serikali.