Bastola ya Kale na Mwaka Wake

Katika sinema za kauboi hakuna asiyeijua bastola ya Colt ya risasi sita, ile ambayo sherifu huichomoa kiunoni kabla adui hajapepesa jicho. Ilianza kutengenezwa mwaka 1873 katika mji wa Hartford, Marekani, na leo wakusanyaji wa silaha za kale hununua zile za zamani kwa fedha nyingi. Swali lao la kwanza ni moja: ilitengenezwa mwaka gani?

Si swali la mapambo. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inasema kwamba bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale, na serikali kuu haiihesabu pamoja na silaha za kawaida. Majimbo nayo yana sheria zao. Lakini ile ya mwaka 1899 ni silaha kamili, na masharti yake yote. Siku moja ya kalenda yaweza kutenganisha pambo la kabatini na kesi mahakamani.

Wengi hukosea hapa. Ubavuni mwa bastola hiyo zimepigwa chapa tarehe, mojawapo ya mwaka 1871. Mwenye mali akaiona, akashangilia! Sasa tujiulize: bastola itatanguliaje kuzaliwa kabla ya aina yake? Tarehe hizo ni za hataza, yaani siku ambazo serikali ilisajili uvumbuzi uliotumika ndani yake. Kiwanda kiliendelea kuzichapa miaka mingi baadaye.

Shahidi wa kweli ni namba ya mfululizo. Hakikisha kwanza haina risasi, kisha igeuze. Namba iko chini ya kiwiliwili, mbele ya kikingio cha kifyatulio. Hulinganishwa na orodha za kiwanda, na kwa orodha hizo mwaka 1899 ulianzia kwenye namba 182,000 hivi. Katika bastola nyingi za zamani namba hiyo hurudiwa kwenye kikingio na kwenye mpini. Zikipingana, ujue vipuri vimechanganywa, na kinachohesabiwa ni kiwiliwili. Ukikuta herufi SA baada ya namba, basi mzee wako ni kijana: mtindo huo ulianza mwaka 1956, uzalishaji uliporejeshwa.

Kampuni ya Colt, kwa malipo, hupekua vitabu vyake na kumwandikia mwenye bastola barua. Wauzaji huitembeza barua hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Sivyo. Inataja siku bastola ilipotoka kiwandani kwenda kwa mnunuzi, wala si siku ilipotengenezwa. Iliyosafirishwa Januari 1899 huenda ilikuwa imelala ghalani tangu mwaka uliotangulia, na hapo ndipo ubishi wa wakusanyaji unapoanza.