Hedhi ikipotea, usikimbilie tembe

MWANAMKE akikaa mwaka mmoja katika ndoa bila ya kushika mimba, aghalabu yeye ndiye hunyooshewa kidole kwanza. Mama mkwe hunong'ona, majirani huuliza, naye mhusika huanza kuhangaika. Katika mitaa kama Ngara, jijini Nairobi, ambako zahanati na maduka ya dawa hayako mbali, ni rahisi kushawishika kununua tembe kwa ushauri wa rafiki tu.

Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema kufahamu jinsi yai linavyokomaa.

Mtoto wa kike hupata mayai yake yote angali tumboni mwa mamaye. Mimba ikifika wiki ya 20 hivi, huwa nayo milioni 6 hadi 7. Anapozaliwa husalia milioni 1 au 2, na anapovunja ungo ni kama 300,000 pekee. Yatakayokomaa na kutoka maishani mwake ni 400 hivi.

Kila yai limo katika kijifuko chake ndani ya ovari. Kijifuko kinachokua huwa na aina mbili za seli zinazosaidiana kazi. Seli za nje hupokea amri ya homoni iitwayo LH, zikageuza kolesteroli kuwa homoni za kiume. Usishangae, kila mwanamke huwa nazo. Seli za ndani hupokea amri ya homoni nyingine, FSH, ambayo huzifanya ziunde kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Hicho ndicho hubadilisha homoni za kiume kuwa estrojeni, homoni ya kike. Mtafiti wa Sweden, Bengt Falck, alionyesha ushirikiano huu kwa panya mwaka wa 1959.

LH na FSH hutoka katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere.

Mambo yanapokwenda mrama

Kuna hali ambapo seli za nje hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, nazo za ndani hukosa FSH ya kutosha. Vijifuko vingi huanza kukua kisha hukwama, na yai halitoki. Madaktari huiita PCOS. Humpata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa.

Dalili zake ni hedhi kuchelewa au kupotea, ndevu, chunusi nyingi na, kwa wengine, unene. Isitoshe, hali hii huongeza hatari ya kupata kisukari.

Matibabu yapo. Letrozoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, huzuia aromatesi kwa siku chache. Estrojeni hupungua, ubongo hutambua upungufu huo, na pituitari huongeza FSH. Hapo kijifuko kilichokwama hupata nguvu za kukua. Katika utafiti wa wanawake 750 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2014, asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua, ikilinganishwa na asilimia 19.1 waliotumia klomifeni, dawa ya zamani.

Hata hivyo, dawa hizi si za kujinunulia. Letrozoli inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo ni lazima kuhakikisha kwanza kwamba mwanamke hana mimba. Aidha, mayai zaidi ya moja yanaweza kutoka na kuleta mapacha.

Umwone daktari lini? Ikiwa hujafika miaka 35, baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Ukiwa na miaka 35 au zaidi, baada ya miezi sita. Ikiwa hedhi yako haina mpango, usingoje.

Nenda na mumeo. Mara nyingi kasoro huwa upande wa mwanamume, na kipimo cha mbegu zake ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mke.