Majalada ya Polisi na Watu wa Hip Hop

Mwezi wa Machi 2004 gazeti la Miami Herald la Florida, Marekani, lilitangaza habari ambayo wanamuziki wengi wa hip hop walikuwa wakiishuku kwa miaka mingi bila ya kuwa na dalili ya kuithibitishia: ya kwamba polisi wa Miami na wa Miami Beach, miji ambayo wasanii hao huiendea kwa mapumziko na kwa kupiga picha za video zao, walikuwa wakiwavizia uwanja wa ndege na kuwapiga picha washukapo, wakizifuata nyendo zao katika hoteli na kumbi za usiku, na kuyaandika waliyoyaona katika majalada ya siri. Gazeti lilifichua na chimbuko la elimu hiyo. Mwaka uliotangulia polisi wa New York walikuwa wamewaalika wenzao wa miji mingine katika mafunzo ya siku tatu yahusuyo hip hop, na wageni wale wakapewa nakala ya kitabu kinene chenye majina ya marapa na ya watu waandamanao nao, picha walizopigwa walipokamatwa, tarehe zao za kuzaliwa, na mashitaka yaliyopata kuwakabili.

Msomaji asiyezoea kazi za polisi huenda akauliza ajabu iko wapi, kwani polisi huajiriwa kwa nini kama si kupeleleza? Jibu lataka tupambanue mambo mawili ambayo kwa jicho la mbali hufanana. Upelelezi wa kosa huanza na tendo: duka limevunjwa, mtu amepigwa risasi, na kutoka hapo mpelelezi hutafuta mkono uliotenda; jalada lake lina namba na mlalamikaji, lina siku ya kufikishwa mahakamani, na mwisho wake ni hatia au kuachiwa huru. Ukusanyaji wa habari za siri, ambao katika idara nyingi za polisi duniani una ofisi yake na wakuu wake, huanza na mtu na kungojea tendo. Jalada la namna hii halina mlalamikaji wala hakimu. Aliyeandikwa humo hapewi habari ili apate kujitetea. Na madhali halikufunguliwa kwa ajili ya kosa maalumu, hakuna jambo litakalotokea likalifanya lifungwe. Kazi hiyo si haramu kwa asili yake, maana dola isiyojua nani anapanga nini gizani haitawalinda raia wake. Lakini huhitaji kanuni ya wazi ya nani aandikwe na kwa sababu gani, na kadhia ya hip hop imekaa papo hapo, kwa kuwa mlango wa kuingilia katika kitabu kile cha New York ulikuwa ni fani ya mtu. Wanamuziki wa roki na wa kantri nao wamepata kukamatwa kwa bangi, kwa bastola na kwa ngumi za ulevini, wala haijasikika kwamba miji mikubwa iliwafanyia askari wake mafunzo ya siku tatu juu ya gitaa.

Insafu yataka hoja ya polisi ielezwe kabla ya kulaumiwa, kwani haikuzuka hewani. Tarehe 7 Septemba 1996 Tupac Shakur alipigwa risasi garini Las Vegas, akafa siku ya sita, naye ana umri wa miaka 25. Na tarehe 9 Machi 1997 Christopher Wallace, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Notorious B.I.G., aliuawa vivyo hivyo garini mjini Los Angeles, akiwa na miaka 24. Marehemu huyu wa pili alikuwa mwana wa Brooklyn, na mauti yake yaliwashitua wakuu wa polisi wa New York, wakakumbuka kwamba katika maelfu ya askari wao walikuwa wachache mno waliojua nani ni nani katika muziki ule, nani ana ugomvi na nani, na ni watu gani walioshika fedha nyuma ya pazia. Mpelelezi mmoja, Derrick Parker, alikuwa akijua. Ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya habari hizo, na baada ya kustaafu aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2006 akieleza namna alivyoifanya. Hoja yake ya msingi haifai kupuuzwa: kwamba marapa, wenye mikufu ya dhahabu na fedha za ghafla, walikuwa mawindo ya wanyang'anyi na ya wenye kudai ulinzi kwa vitisho, na kwamba askari asiyejua mahali fitina ilipolala hawezi kuzuia damu isimwagike.

Hoja hiyo ilipata ushahidi tele. Mwezi wa Februari 2001 makundi mawili ya wanamuziki yalirushiana risasi mbele ya kituo cha redio cha Hot 97 mjini New York. Na tarehe 30 Oktoba 2002 Jam Master Jay, yule wa kundi la Run-DMC aliyepigia santuri vijana wa kizazi kizima, aliuawa ndani ya studio yake huko Queens, ilhali watu kadhaa wamo mle mle.

Lakini wale watu waliokuwamo studioni hawakusema, na hapa ndipo kadhia inapotatizana. Miaka ilipita, na washitakiwa wa kwanza wa mauaji ya Jam Master Jay wakapatikana mwaka 2020, ikiwa ni miaka karibu kumi na minane baadaye. Katika shauri la Hot 97 mwimbaji Lil' Kim aliliambia baraza la mahakama kwamba hakuwaona marafiki zake wawili mahali pale, kumbe kamera ya ulinzi ya redio ilikuwa imewapiga picha pamoja naye. Mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa kusema uongo chini ya kiapo. Polisi husema: mwaona, watu hawa hawatwambii neno, basi hatuna budi kuwachungulia. Wasanii husema: mwaona, watu hawa hutuchungulia hata tunapokula hotelini, basi ni mwendawazimu gani atakayekwenda kuwaamini na siri itakayomtia katika hatari ya kuuawa? Kila upande huchota hoja yake katika kosa la mwingine, na kwa maoni yangu upande wenye wajibu wa kuikata duara hiyo ni ule wenye bunduki, sheria na mshahara wa serikali.

Kutoaminiana huko kuna nasaba iliyoitangulia hip hop yenyewe. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1971 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha mpango wa siri ulioitwa COINTELPRO, ambao ulitia majasusi, barua za uongo na fitina katika vyama vya siasa na vya kutetea haki za watu weusi, na ambao baadaye uliwekwa wazi na kamati ya Baraza la Senate iliyoongozwa na Frank Church katika miaka ya 1975 na 1976. Polisi wa New York walikuwa na ofisi yao ya namna hiyo. Mwezi wa Mei 1971 wanachama 13 wa Black Panther, chama cha watu weusi, walioshitakiwa mjini humo kwa njama ya kulipua majengo waliachiwa huru kwa mashitaka yote, baada ya kesi ambayo nguzo zake kubwa zilikuwa ushahidi wa askari waliojiunga na chama kwa siri. Miongoni mwa walioachiwa alikuwamo Afeni Shakur, aliyejitetea mwenyewe mahakamani akiwa mja mzito. Na mwezi uliofuata akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Tupac. Mtu wa namna hiyo hahitaji gazeti la Miami limwambie kwamba polisi huandika majalada.

Kutokana na mambo hayo raia walishitaki, na mwaka 1985 yakapatikana mapatano ya mahakama, yaitwayo ya Handschu, yaliyowakataza polisi wa New York kupeleleza shughuli za siasa za watu isipokuwa pana habari maalumu ya uhalifu; mwaka 2003, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, mahakama ikakubali kuyalegeza. Lakini mapatano yale yalihusu siasa. Mwanamuziki wa kilabu cha usiku, asiye na chama wala ilani, hakuwa na ngao ya namna hiyo.

Latakikana pia jibu la swali ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitoa mapema: kwa nini hawakuzipiga marufuku nyimbo zenyewe? Kwetu mkono wa serikali aghalabu huanza na wimbo. Mwezi wa Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa nchini Tanzania kwa sababu ya wimbo wake uitwao Wapo, Baraza la Sanaa likaufungia, kisha kwa amri ya Rais Magufuli mwimbaji akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa kupigwa; mambo yakaanza na kwisha hadharani. Marekani mlango huo umefungwa na Rekebisho la Kwanza la Katiba, linalokataza sheria ya kubana uhuru wa kusema. Tarehe 1 Agosti 1989 mkuu mmoja wa FBI, Milt Ahlerich, aliandikia kampuni ya Priority Records barua ya kulalamikia wimbo wa kundi la N.W.A. unaowatusi polisi, akisema kwamba unachochea kuwadhuru askari. Barua ikaishia katika malalamiko, maana sheria haikumpa uwezo wa kuamuru, na kundi likazidi kupata umaarufu kwayo. Dola iliyonyimwa ruhusa ya kuugusa wimbo hugeuka ikamtazama mwimbaji, na mtazamo, kwa kuwa hauna amri wala hati ya kukamata, huwa vigumu kuushitaki mahakamani.

Uingereza, ambako hakuna katiba ya maandishi ya namna ile, mambo yalivaa nguo za ofisi. Mwaka 2005 polisi wa London walianzisha fomu iliyojulikana kwa namba 696, ambayo mwenye ukumbi au promota alitakiwa kuijaza siku 14 kabla ya onyesho, akitaja majina ya wasanii, anwani zao, simu zao na aina ya muziki. Na kwa muda fomu ile iliuliza hata asili ya watu watakaohudhuria, swali lililofutwa mwaka 2009 baada ya kelele nyingi. Promota aliyeandika kwamba usiku ule utapigwa muziki wa vijana weusi alijua kwamba huenda ukumbi ukamgeuka, basi wengi wakaona heri kutouandaa kabisa. Fomu iliondolewa Novemba 2017. Jicho likahamia kwenye simu: bodi ya usimamizi ya kampuni ya Meta ilipochunguza shauri moja mwaka 2022, ilipata kwa polisi wa London habari kwamba tangu Juni 2021 hadi Mei 2022 walikuwa wamezipelekea kampuni za intaneti maombi 286 yahusuyo muziki, na yote, bila kubakia hata moja, yalikuwa juu ya aina moja tu ya rap iitwayo drill, na maombi 255 yalifanikiwa kuondoa nyimbo hizo.

New York nako hali haikubadilika sana. Mtu mmoja alipouawa katika onyesho la rap huko Irving Plaza mwezi wa Mei 2016, mkuu wa polisi William Bratton alisema redioni maneno makali juu ya marapa kwa jumla, kana kwamba kundi zima lilishika bastola ile. Oktoba 2019 polisi waliandikia tamasha la Rolling Loud barua ya kutaka wasanii watano waondolewe jukwaani kwa hofu ya vurugu, nao wakaondolewa. Mmojawao alikuwa Pop Smoke, kijana wa Brooklyn. Miezi minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 20, aliuawa na wanyang'anyi walioivamia nyumba aliyopanga Los Angeles. Derrick Parker alikuwa amesema kweli aliponena kwamba watu hawa ni mawindo. Lakini barua ile ilimtaja kijana huyo kama hatari kwa wengine, na wala haikumkinga na hatari iliyokuwa ikimfuata yeye.

Kwa hiyo sioni kuwa mjadala huu ni wa wapendao polisi na wawachukiao. Askari anayejua muziki wa mji wake ni bora kuliko asiyeujua, na mwanamuziki aliyetishwa ana haki ya kulindwa kama mfanyabiashara yeyote. Lisilokubalika ni jalada lisilofunguliwa kwa tuhuma ya tendo, lisilokaguliwa na hakimu wala kuwekewa muda wa kufutwa. California imeanza kurekebisha upande mmoja wa kadhia, kwa sheria ya mwaka 2022 inayomtaka hakimu apime kwa makini kabla ya kuruhusu mashairi ya rap yatumiwe kama ushahidi. Lakini sheria hiyo hufanya kazi mahakamani, na majalada tunayoyasema aghalabu hayafiki mahakamani.

Na kama yangetetewa kwa matunda yake, matunda ni haya. Mtuhumiwa wa mauaji ya Tupac alikamatwa Septemba 2023, miaka 27 baada ya risasi ile, naye amekana mashitaka. Ushahidi mkubwa uliotangazwa dhidi yake ni maneno aliyoyasema na kuyaandika mwenyewe hadharani. Mauaji ya Notorious B.I.G., ambayo ndiyo yaliyozaa kazi ya kuandika majalada, hayajapata mshitakiwa hata mmoja.