Majira ya baridi kwa Kiswahili: kutoka Berlin ya 1891 hadi Likasi

Tunaposikia Kiswahili kikisimulia baridi ya Ulaya, wengi tunafikiria ndugu zetu wa Matonge, kule Bruxelles, wanaotutumia sauti kwa simu mwezi wa Desemba. Lakini kazi hiyo Kiswahili kilianza kuifanya zaidi ya miaka 130 iliyopita, na walioianza walikuwa watu wa fani yetu: walimu wa lugha.

Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin shule iliyoitwa Seminar für Orientalische Sprachen, chini ya chuo kikuu cha mji ule. Iliwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakielekea makoloni. Kiswahili kilifundishwa na Carl Gotthilf Büttner, na pembeni yake akawekwa mwalimu ambaye lugha ilikuwa yake mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said, kuanzia 1889. Mwaka 1891 nafasi yake ilichukuliwa na Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha hadi 1895. Katika mkusanyo wa Büttner uliotoka 1894, Anthologie aus der Suaheli-Litteratur, mna habari za Amur mwenyewe: maisha yake, safari zake, na Berlin kama alivyoiona.

Swali la makala hii ni la isimu. Mtu aliyelelewa pwani, ambako mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, alikuwa na maneno gani ya kuelezea mji wa theluji na giza la mapema? Jibu ni kwamba lugha ilikuwa na maneno mengi kuliko tunavyodhani, ila kila neno lina mzigo wake. Mfasiri asiyeujua mzigo huo humpotosha msomaji hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

Theluji na barafu

Maneno haya mawili yote yaliingia kwa njia ya bahari. Theluji imetoka katika Kiarabu thalj, neno ambalo Waarabu hulitumia kwa kinachoanguka kutoka mawinguni na pia kwa maji yaliyoganda. Barafu imetokana na barf ya Kiajemi, ambayo maana yake ni kile kinachoanguka. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kisha kikayagawia kazi: theluji ikawa ile nyeupe na laini inayoshuka, barafu ikawa maji yaliyokuwa magumu. Hata wenye maneno wenyewe hawakuwa wameyagawa hivyo. Lugha iliyokopa imepanga vizuri kuliko ilivyokopeshwa.

Tusidhani pia kwamba theluji ni jambo la Ulaya peke yake. Nchi yetu inayo. Kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kina mita 5,109, na theluji yake huonekana kutoka mbali. Wanande na Wakonzo wanaoishi chini yake wana neno lao, nzururu, na humo ndimo jina Rwenzururu lilimotoka. Kwa hiyo anayesema kwamba lugha za Kibantu hazina neno la theluji hajafika Beni.

Majina ya majira

Hapa ndipo mfasiri huanguka mara nyingi. Vitabu vingi hutafsiri hiver kwa kipupwe. Lakini kipupwe cha pwani ni baridi kidogo ya Juni hadi Agosti, wakati wa upepo wa kusi. Desemba na Januari, Berlin inapoganda, Unguja iko katika kaskazi, wakati wa joto. Sisi wa Likasi miezi hiyo tuko katikati ya mvua. Ukiandika « Januari, mwezi wa kipupwe » bila neno lingine, msomaji wa Mombasa atadhani umekosea kalenda.

Neno masika linafundisha zaidi. Pwani ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Lakini katika Ciluba mashika ni baridi yenyewe, na katika isiZulu ubusika ni majira ya baridi. Wanaisimu wa Kibantu huyaweka maneno haya katika mzizi mmoja. Watu walihama, kila mmoja akafika penye hewa yake, na neno likafuata kile kilichowafanya wajifunike: kwa huyu mvua, kwa yule baridi. Hakuna aliyekosea. Ndiyo maana mimi napendelea majira ya baridi, maneno matatu yasiyodai kuwa ni ya mwezi fulani.

Saa

Jambo ambalo wachache hulitazama ni saa. Hesabu ya saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua: likichomoza, saa kumi na mbili inakwisha na saa moja inakaribia, likitua, hesabu inaanza upya. Pwani mpango huu hausumbui, na hata Likasi jua halichezi sana. Lakini Berlin, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Mwanga unadumu chini ya saa 8. Mwezi wa Juni unakaribia saa 17. Kule « saa kumi na mbili jioni » ni usiku kabisa, taa zimewashwa kitambo. Mwislamu kama Amur, ambaye sala zake hufuata jua, alilazimika kuona kwamba alfajiri na magharibi zimesogea hadi kukaribiana. Saa za Kiswahili zinabaki kuwa sahihi kwa hesabu, lakini jua lililozizaa limeziacha.

Matembezi

Baridi ikizidi, starehe ya mji huingia ndani ya nyumba. Berlin ya wakati wa Amur ilikuwa na michezo ya kuigiza, sarakasi ya Renz katika jengo la kudumu, nyumba ya samaki wa vioo barabara ya Unter den Linden, sanamu za nta za Castan, na bustani ya wanyama iliyofunguliwa tangu 1844. Tangu 1886 palikuwa pia na makumbusho makubwa ya mambo ya mataifa, Museum für Völkerkunde, ambamo vitu vya Afrika vilipangwa kwenye makabati.

Tulitazame neno makumbusho. Shina lake ni kumbuka: ni mahali panapokumbusha. Tukienda Musée National ya Lubumbashi neno linatulia vizuri. Lakini Mwafrika aliyesimama mbele ya kabati la Berlin mwaka 1892 alikuwa anakumbushwa nini, na Mjerumani aliyesimama kando yake alikuwa anakumbuka nini? Mmoja anaona vyombo vya watu wa kwao, mwingine anaona vitu vigeni. Kifaransa musée hakiulizi swali hilo. Kiswahili kinaliuliza kila neno linapotamkwa.

Aliyekuwa nyuma ya maneno

Ni lazima pia tujue maandishi haya yaliandikwa kwa ajili ya nani. Yalikuwa masomo ya watu waliokwenda kutawala, na mwandishi alikuwa mwajiriwa wao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli (1903), alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha katika shule ileile. Mwaka 1904 alioa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walisafiri ili kurudi kwao Mtoro, na serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka pamoja. Ikabidi warudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Tunaposoma sifa za mji katika maandishi ya walimu hawa, tuyasome tukijua ni nini hawakuwa na nafasi ya kukiandika.

Kazi yetu

Wengi wetu tulijifunza misimu minne shuleni kwa Kifaransa, kwa picha za miti isiyo na majani. Ndiyo maana tunapotafsiri mkono unakimbilia hiver, au kipupwe cha kamusi. Lakini Likasi iko kwenye mita kama 1,300 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai nyuzi hushuka chini ya 10, mbabula inawashwa, na watu wanasema « kuko baridi » bila kumuuliza mtu wa pwani. Huo ni ujuzi. Mfasiri wa hapa anaweza kumwambia msomaji wake: chukua asubuhi ya Julai kabla jua halijapanda, iendeleze mchana kutwa, iendeleze miezi mitatu, kisha ondoa jua saa kumi. Hapo msomaji ataielewa Berlin, na hajakopa neno hata moja.