Saa ya Uganda au ya kule?

Kwenye daraja la mto Lhubiriha, kati ya Mpondwe na Kasindi, saa hubadilika kwa hatua chache. Mchuuzi wa chumvi ya Katwe akiondoka upande wa Bwera saa tatu kamili asubuhi, anaingia Kongo saa mbili na dakika zake. Hakuna anayeshangaa. Wanaopanga biashara huulizana tu: saa ya Uganda au ya Kongo?

Swali hilohilo ndilo linalosahaulika pale mtoto wa Rukoki, Kasese, anapotuma tiketi ya ndege kwa simu. Karibu na Boston, katika mji wa Waltham, wanaishi raia wengi wa Uganda, na safari zao nyingi hupitia Ulaya kabla ya kuvuka Atlantiki. Tiketi inasema ndege inatoka London saa tano asubuhi na kufika Boston saa saba na nusu mchana. Mzazi anahesabu saa mbili na nusu, anadhani Marekani ni jirani. Kumbe ni kilomita 5,200 na ushee, na ndege huwa angani saa saba na nusu hivi. Boston iko nyuma ya London kwa saa tano, na tiketi huandika saa ya kila mji.

Kurudi ni kinyume. Ukiondoka Boston saa tatu usiku unatua London saa mbili na nusu asubuhi, ingawa umekaa angani saa sita na nusu tu. Upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Ulaya anasukumwa, anayekwenda Marekani anapambana nao. Ndege ya Concorde, iliyostaafu mwaka 2003, ilikuwa na kasi hata ikatua New York kwa saa ya mapema kuliko ile iliyoondokea London. Abiria walilipa fedha nyingi mno kwa jambo ambalo watu wa Bwera hulifanya kwa miguu.

Kinachoniuma ni kipande cha mwisho cha safari ya kurudi nyumbani. Kutoka Entebbe hadi Kasese ni kama kilomita 260 kwa njia ya anga. Kwa barabara, kupitia Kampala na Fort Portal, ni karibu 400, na basi linaweza kumaliza siku nzima ya mchana: muda uleule wa kuvuka Atlantiki. Treni ya abiria iliyokuwa ikifika Kasese, kwa reli iliyokamilika 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, haipo tena.

Kwa hiyo anayeondoka Boston Ijumaa jioni, kwa kawaida hutua Entebbe Jumamosi usiku au Jumapili alfajiri. Msikodi gari la Ijumaa. Mwulizeni siku na saa ya kutua kwa saa ya Uganda, kisha mama wa nyumbani Rukoki ahesabu chakula cha Jumapili jioni.