Baba wa kambo akifariki, nani atampeleka mtoto baharini?

KISIWANI Pemba mtoto hujifunza mengi nje ya nyumba. Hujua bamvua na maji mafu, hujua kusi na kaskazi, hujua mkarafuu upi unapandika na upi tawi lake litavunjika. Mwalimu wa mambo hayo mara nyingi ni baba, na katika nyumba nyingi baba huyo siye aliyemzaa. Ni mume wa mama. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea.

Mume kama huyo akifariki, mtoto wa kambo hubaki pembeni ya msiba. Pole hupewa mama, ndugu wa marehemu na watoto wake wa kuzaa. Yeye hupitwa, au huambiwa, "Huyo hakuwa baba yako." Maneno hayo huchoma, kwani aliyemshika mkono kwenye matope ya mikoko ni huyo huyo.

Kisha kuna eda. Mama hukaa ndani miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa na mimba. Kwa mtoto aliyezoea kutoka na baba kila skuli zinapofungwa, nje na ndani hufungwa kwa pamoja: wa kumtoa hayupo, na mama hatoki.

Hapo ndipo ndugu wanapohitajika. Mjomba, babu au rafiki aliyekuwa akivua na marehemu na amchukue mtoto mahali alipopapenda baba yake. Kama ni msitu wa Ngezi, waende Ngezi. Kama ni kutazama popo, waende Kidike jioni wanaporuka. Popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia kama mita 1.6, hapatikani kwengine duniani. Kuwindwa na kukatwa kwa miti kulikaribia kumtoweshesha, lakini wanavijiji walipounda vikundi vya kumlinda, aliongezeka tena kwa maelfu. Au waende Misali, hifadhi tangu 1998, ambako kasa hupanda kutaga, na ambako wazee husimulia kuwa Nabii Hadhara alikifanya kisiwa kuwa msala wake.

Huko mtoto aachwe aseme. "Baba alinifundisha kufunga mshipi hivi." Asisahihishwe neno "baba".

Katika historia ya Kiislamu upo mfano. Abu Salama alifariki kwa jeraha la vita vya Uhud, akaacha mjane, Ummu Salama, na watoto. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimuoa na watoto wakalelewa nyumbani kwake. Mmoja wao, Umar, ndiye aliyesimulia jinsi alivyofundishwa akiwa mdogo kupiga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Funzo hilo hukaririwa na watoto hadi leo, na limetoka kinywani mwa mtoto wa kambo.

Lipo pia jambo la mali, ambalo wazazi huliacha mpaka likawa ugomvi. Kisheria ya dini, mtoto wa kambo si mrithi wa baba yake wa kambo. Mke hupata thumni marehemu akiwa na watoto, na robo asipokuwa nao. Mtoto wa kambo hapati fungu. Basi baba aliyezoea kusema "ngalawa hii ni yako" bila ya shahidi, akifa, ngalawa huingia kwenye mirathi na mtoto huiona ikiondoka ufukweni.

Njia zipo mbili. Akiwa hai na mzima, ampe iwe hiba na amkabidhi kweli. Au aandike wasia mbele ya mashahidi, usiozidi thuluthi ya mali. Asiye mrithi anaruhusiwa kuusiwa.

Si lazima iwe ngalawa. Dema, panga au mshipi wa zamani hutosha. Mtoto anachotaka ni kitu cha kushika siku atakaporudi baharini.